Nusu Kilo ya Tereza

Tereza alikuwa hajavua hata gambuti alipoitwa ofisini. Ilikuwa Ijumaa ya malipo, saa tisa na nusu alasiri, na wenzake thelathini na tisa wa meza za kukatia minofu walikuwa wamejipanga dirishani kwa mhasibu, wakitaniana nani atanunua kitenge na nani atamaliza hela yote kwenye deni la unga. Alidhani anaitwa kupongezwa. Tangu mizani mpya ya Ulaya ifungwe pale kiwandani, wiki mbili sasa, hakukosa kazini hata siku moja, na kisu chake kilikuwa kinapita kwenye mgongo wa sangara mara moja tu, bila kurudia. Alijifuta mikono kwenye aproni akaingia anatabasamu, maskini wa Mungu.

"Shikamoo, bosi."

Bwana Josephat, meneja wa uzalishaji, hakuitikia. Alimsukumia karatasi ndefu yenye matundu pembeni, ya kompyuta.

"Soma hapo chini. Kwa sauti."

"Kilo elfu tano mia sita themanini na nane."

"Jina?"

Tereza aliangalia tena. "Langu."

"Anayekufuata ana ngapi?"

"Elfu moja na kumi na mbili."

"Sasa mama, wewe una mikono mingapi?"

Masele, karani wa kompyuta, kijana aliyeletwa kutoka Dar na mshahara wake wa Dar, alicheka puani akainamia meza. Tereza alitaka kucheka naye, akijua ni mzaha, lakini uso wa meneja haukuwa na mzaha.

"Chumba cha baridi kimepokea tani arobaini na nusu za minofu," alisema Bwana Josephat. "Kompyuta inasema mmekata tani arobaini na tano na ushee. Hizo karibu tano zilizozidi zote zimekaa kwenye jina lako. Kilo moja ni shilingi ishirini. Ulitaka nikulipe laki moja na elfu kumi na tatu kwa samaki ambaye hayupo?"

"Bosi, mimi sijui kompyuta. Hata mlango wa chumba chake sijawahi kuugusa."

"Ndiyo maana nauliza nani anakusaidia. Kompyuta haina ndugu wala shemeji. Haiwezi kukupendelea bila mtu kuishika."

Akamwita Chenge, mpimaji. Chenge aliingia amekunja mikono nyuma kwa adabu ambayo Tereza hakuwahi kuiona kule kwenye mizani.

"Mimi sipendi kumsema mtu, bosi," alisema. "Ila huyu mama anapima wa mwisho kila siku. Wenzake wakishaondoka, yeye ndiyo anakuja. Nilikuwa najiuliza."

Ni kweli Tereza alikuwa anapima wa mwisho. Lakini kwa nini anapima wa mwisho, hilo Chenge alilijua kuliko mtu yeyote.

Wanawake wa mezani walikuwa na desturi yao. Kipande kilichozidi kilo kamili walikiita mkia, na mkia ulikuwa wa mpimaji. Beseni likipanda mizani, Chenge huchomoa mnofu mmoja, au miwili, mpaka namba isimame kamili. Minofu hiyo huingia kwenye ndoo ya kijani chini ya mizani, na jioni ndoo hutoka getini imefunikwa na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa yanayouzwa sokoni Kirumba. Ukimwachia mkia, unapima kwanza na kuwahi mezani kukata samaki wengine. Ukimnyima, unasubiri huku barafu inayeyuka na saa zinakwenda. Kwenye mizani ya zamani, ya mshale, mkia haukuonekana, kwa hiyo hakuna aliyeusikitikia. Hii mpya ilikuja na tabia ya kutoa kikaratasi na kuutaja mkia wazi, nusu kilo kwa nusu kilo. Siku ya kwanza tu Tereza alisema, "Mashine imeandika nusu. Na mimi niandikiwe nusu yangu." Tangu hapo akawa wa mwisho.

Angeyasemaje hayo mbele ya Chenge, na wenzake wote wamesimama dirishani wanasubiri hela? Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri.

"Mpaka Jumatatu saa mbili," alisema Bwana Josephat. "Uje na jina la mwenzako. Usipokuja nalo, ninakupeleka polisi peke yako. Malipo yako nayashika. Na karatasi hiyo chukua nakala, ukaisome vizuri nyumbani."

&nbsp;

Getini wote walipita. Tereza peke yake ndiye aliyevuliwa kitambaa cha kichwa, akaambiwa ageuze mifuko ya gauni, akaambiwa avue na viatu. Mlinzi, ambaye asubuhi alikuwa anamwita dada, sasa alimwita wewe. Akumu, jirani yake wa mezani, mwanamke wa kule pwani ya ziwa ya Mara, alisimama nje amemshikia mfuko wake mpaka alipomaliza kufedheheshwa.

"Ungempa tu hiyo nusu yake," Akumu alisema walipoanza kupanda barabara. "Nusu kilo ni shilingi kumi. Shilingi kumi unanunua nini siku hizi?"

"Mara ngapi kwa siku, Akumu?"

"Mimi sihesabu. Nikihesabu nitashindwa kufanya kazi." Akamtazama. "Lakini Tereza, hizo kilo elfu tano ni za kweli?"

Hata Akumu! Tereza alichukua mfuko wake, akatembea mbele peke yake mpaka nyumbani Mabatini.

Mumewe, Ndalahwa, alikuwa barazani amegeuza baiskeli ya mtu magurudumu juu, anafunga spoku. Miaka kumi na moja alikuwa msaidizi wa mizani kwenye jineri ya pamba, mpaka jineri ilipopata mwenye mali mpya na wafanyakazi wakasomewa majina wakiwa wamesimama juani. Sasa mwaka wa pili alikuwa anakula jasho la mkewe, na jambo hilo hakulizungumza kabisa, ila lilikuwa linamtafuna. Alinawa mikono akasubiri bahasha. Badala ya bahasha alipewa karatasi.

Alisoma kimya. Akarudia. Kisha akaingia ndani, na Tereza akamfuata, kwa sababu wapangaji wengine walikuwa wanapika uani.

"Laki moja na elfu kumi na tatu," Ndalahwa alisema. "Ziko wapi?"

"Hawajanilipa hata senti. Wanasema nimeiba."

"Anayekuandikia ni nani?"

"Baba Rebeka, hakuna anayeniandikia."

"Mama Rebeka, mimi nimekaa kwenye mizani miaka kumi na moja. Namba haiongezeki yenyewe. Mwanamume hamwandikii mwanamke kilo elfu tano bure. Ni huyo Chenge? Au ni huyo wa kompyuta, mwenye tai?"

Tereza alikaa chini kwenye mkeka kama aliyesukumwa. Habari ya polisi alikuwa ameifikiria njia nzima. Hili hakulifikiria hata kidogo. Miaka kumi na minne ya ndoa, watoto watatu, miguu imevimba kwa kusimama kwenye maji ya barafu, halafu mtu anayelishwa kwa jasho lake Tereza anamuuliza amelala na nani. Hakulia. Hasira ilimkausha machozi. Alinyanyuka, akatoa juu ya kabati kopo la majarini, akalimwaga kitandani.

"Haya. Wewe si ndiye mjuzi wa mizani? Hesabu. Hivyo ni vikaratasi vyangu vyote, kila beseni nililopima. Ukikuta elfu tano, uniue."

Vilikuwa arobaini na nane, vimenyooshwa kimoja kimoja, vinanuka samaki. Ndalahwa alikaa kitandani akaanza kuhesabu kwa ukali, akitafuta kosa la mkewe kwa moyo wote. Alikuwa anasoma kikaratasi, anatafuta mstari wake kwenye karatasi ndefu, anaweka alama kwa penseli. Ishirini na mbili, ishirini na mbili. Sawa. Ishirini na tatu, ishirini na tatu. Sawa. Cha tano kilimsimamisha. Alikipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Hapa paliandikwa nini?"

"Ishirini na moja na nusu."

Kikaratasi kilisema 21,5. Karatasi ndefu ilisema 215.

Alichukua kingine chenye nusu. 19,5. Kwenye karatasi: 195. Kingine. 22,5. Karatasi: 225. Vikaratasi ishirini na vinne vilikuwa na nusu, na vyote ishirini na vinne vilikuwa vimezidishwa mara kumi. Vya kilo kamili vilikuwa salama.

"Ni mkato," alisema kwa sauti iliyomtoka chini. "Wazungu wa Ulaya, pale sisi tunapoweka nukta ya desimali, wao wanaweka mkato. Jineri tulikuwa na kipimo cha unyevu wa pamba cha Ulaya, kilikuwa hivi hivi. Wiki ya kwanza kilitusumbua mpaka aliyekileta akatufundisha. Hii mizani inasema ishirini na moja na nusu, na kompyuta haijui mkato, inauruka. Inaona mbili, moja, tano. Mia mbili na kumi na tano."

"Kwa hiyo sijaiba."

"Hujaiba."

"Na sijalala na mtu."

Ndalahwa alishindwa kuinua macho kwa aibu. Kuomba radhi hakukujua. Hakufundishwa na baba yake, na baba yake hakufundishwa na mtu. Alitoka uani, akachemsha maji, akayabeba mwenyewe mpaka bafuni huku wapangaji wanaume wakimcheka waziwazi, akarudi mlangoni akasema, "Maji yako tayari, mama Rebeka." Tereza alienda kuoga. Kumsamehe alikuwa bado.

&nbsp;

Jumatatu waliondoka pamoja. Ndalahwa alikuwa amevaa koti na ameyapanga maelezo yote kichwani, lakini mlinzi alimwambia waume za watu hawaingii kiwandani, akabaki nje ya geti na koti lake. Tereza aliingia na kopo.

"Jina," alisema Bwana Josephat.

"Sina jina, bosi. Nina hivi." Alipanga vikaratasi mezani, kila kimoja mbele ya mstari wake. Sauti ilikuwa inamkatikakatika, lakini vidole havikukosea. "Mizani inaandika kumi na tisa na nusu, kwa mkato. Kompyuta inasoma mia moja tisini na tano. Penye nusu ndipo inapokosea. Penye kilo kamili haikosei."

"Haiwezekani," alisema Masele. "Hii programu ni ya Nairobi. Ni ya kisasa."

"Na mizani ni ya wapi?"

"Ya Ulaya."

"Basi twende tukapime, kaka yangu. Uangalie mwenyewe."

Walishuka ukumbini. Visu vilisimama mezani kote. Wanawake thelathini na tisa waligeuka na aproni zao nyeupe. Chenge alikuwa kwenye mizani. Masele aliingia kwenye chumba cha kioo ambamo waya wa mizani uliingia kwenye kompyuta. Bwana Josephat akasema pimeni kitu chochote. Tereza aliangaza macho, hakuona beseni lililojaa karibu. Aliinama, akavuta ndoo ya kijani chini ya mizani, akaipandisha.

Chenge alinyoosha mkono amzuie, akachelewa.

Kikaratasi kilitoka: 12,5.

"Masele!" meneja aliita. "Huko inasoma ngapi?"

Ikaja sauti ya Masele kutoka nyuma ya kioo, nyembamba kabisa: "Mia moja na ishirini na tano, bosi."

Bwana Josephat alishika kichwa. Aliingia chumbani kuona kwa macho yake, akatoka, akaingia tena. Ndoo ya kilo kumi na mbili na nusu ilikuwa imesimama pale mbele ya watu, na kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa imeandikwa kilo mia moja na ishirini na tano. Mama mmoja mezani alijifanyia ishara ya msalaba.

"Nilikuwa nampeleka mtu gerezani," meneja alisema, akijiambia mwenyewe. "Nilikuwa nampeleka mama wa watu gerezani."

Mtu mwingine angeishia hapo akaomba radhi. Lakini Bwana Josephat alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilimrudisha. Alisimama katikati ya ukumbi akawaza, kisha akauliza polepole:

"Sasa mbona ni huyu peke yake? Ninyi wengine mmepima beseni zaidi ya elfu moja na mia nane. Hakuna hata moja lililozidi nusu kilo? Yote yalikaa kilo kamili?"

Akumu alikuwa anatazama kisu chake.

"Na hii ndoo ni ya nani?"

"Ni sampuli, bosi," alisema Chenge. "Ya ubora."

Tereza alijua saa imefika. Alitaka mwenzake mmoja tu aseme, mmoja, naye angeongezea. Alimtazama Akumu mpaka macho yakamuuma. Akumu hakuinua uso.

"Ni mikia yetu," Tereza akasema. "Kila beseni anachomoa nusu. Mimi nilimkatalia, ndiyo maana nusu ziko kwangu tu. Wenzangu nusu zao zimo humo ndani."

Bwana Josephat aliitazama ndoo, akamtazama Chenge, kisha akatazama saa yake. Minofu ya humo alikuwa anaifahamu. Kila Jumamosi minofu ya ndoo hiyo ilikuwa inafika jikoni kwake Capri Point imefungwa kwenye gazeti, na mkewe alikuwa anaipokea kwa mikono miwili, na yeye hakuwahi kuuliza inatoka wapi. Sasa alijua, na kujua kwenyewe kulimkera kuliko wizi.

"Masele, kurekebisha hiyo kompyuta kunahitaji nini?"

"Jamaa wa Nairobi anataka dola mia nane, bosi, na tiketi ya ndege. Au niwe ninaingiza vikaratasi mwenyewe kwa mkono."

"Tumenunua mashine ili tusiandike kwa mkono. Hakuna njia nyingine?"

"Mizani ina kitufe nyuma. Ukikibonyeza inaacha kuonyesha nusu. Inabaki kilo kamili tu."

"Ikiwa ni ishirini na moja na nusu?"

"Itaandika ishirini na moja."

"Basi kibonyeze."

Masele akazunguka nyuma ya mizani. Kililia kidogo, tik, na 12,5 ikawa 12.

"Bosi," Tereza alisema, "na nusu zetu?"

"Nusu gani? Hazipo tena. Zilizoleta matatizo ndizo hizo."

"Lakini samaki yupo, bosi. Yuko hapo kwenye ndoo."

"Mama, wewe ulikuja hapa kusafishwa jina. Jina lako ni safi, nimelitangaza mbele ya watu wote. Nenda kwa mhasibu, chukua kilo zako elfu moja na arobaini na nne, halafu urudi mezani. Wengine wote, kazini!"

Mhasibu alimhesabia shilingi elfu ishirini na mia nane themanini. Tereza alitoka nazo mpaka getini, akazipitisha kwenye nondo. Ndalahwa alizipokea, akaushika na mkono wa mkewe, akauliza kwa macho.

"Nimesafishwa," alisema.

Mumewe aliangua kicheko cha furaha, kisha kikageuka kilio, mtu mzima na koti lake, mbele ya mlinzi na wauza karanga. Alimwambia mbele yao wote, "Nisamehe, mke wangu." Neno hilo Tereza hakulitegemea maishani mwake. Alirudi ndani anatembea juu ya miguu ambayo haikumuuma kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na akakata samaki kwa kasi mpaka wa meza ya pili wakamwonea wivu.

Saa nne na nusu alipeleka beseni lake la kwanza. Safari hii hakuwekwa nyuma. Alipanga mstari na watu, zamu yake ikafika. Lilikuwa limejaa vizuri. Aliliweka mwenyewe kwenye mizani, akasimama kusubiri, na namba ikasimama: 23.

Chenge hakuwa na hasira. Alikuwa mchangamfu kuliko alivyowahi kumwona. Alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono ndani ya beseni la Tereza, mchana kweupe, mbele ya mstari mzima, akachomoa mnofu mmoja mnene akautupa kwenye ndoo ya kijani.

"Wee! Rudisha!"

"Nirudishe nini?" Chenge alisema kwa upole. Alimwonyesha kioo cha mizani kwa kidole kinachochuruzika maji ya samaki. "Soma mwenyewe, mama. Ilikuwa ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Sasa ni ngapi?"

Tereza alisoma. Alisogea karibu akasoma tena. Namba haikuwa imetikisika. 23.

"Imepungua nini?" Chenge aliuliza, akampa kikaratasi chake. Tereza alichukua kikaratasi. Aligeuka kuwatazama wenzake, kila mmoja na beseni lake kiunoni, na wote walikuwa wameona, na wote walikuwa wanangoja zamu zao. Akumu, aliyekuwa nyuma yake, alimgusa bega taratibu.

"Songa, Tereza," alisema. "Barafu inayeyuka."